Stopu ya hisa: maswali watu wa Lubumbashi wanarudilia kila siku

Congo hatuna soko ya hisa yetu, kwa hiyo mutu wa Lubumbashi akitaka hisa anapita ku broka (dalali wa hisa) wa inje na ananunua ku New York, Toronto, London ao Johannesburg. Maswali ya hapa njo yale yanarudi kila mara watu wanapoanza. Nimeyapanga toka mepesi mpaka ya kuumiza kichwa, na kila moja iko na namba juu tusirudilie kitu kimoja mara tano. Stopu losi nitaiita stopu tu, sawa vile kila mutu anaiita.

## Mambo ya mwanzo

1. Stopu ni kitu gani kabisa?

Ni oda unayomwachia broka: bei ikishuka mpaka fasi fulani, uniuzie. Umenunua hisa ku dola 40, unaweka stopu ku 37. Bei ikizunguka 41, 39, 38, ile oda inalala tu. Siku bei inagusa 37, oda inaamka na inageuka oda ya kuuza palepale, ku bei yoyote yenye kuwa sokoni ile dakika.

Hiyo sehemu ya mwisho watu hawaisikilizi vizuri na njo inawaumiza. 37 ni bei ya kuamsha oda, si bei uliyoahidiwa. Siku ya kawaida utauza ku 36.98. Siku soko imechafuka utauza ku 36.40, na siku mbaya kabisa utauza ku 29 (angalia swali la 15).

2. Niko na dola 200 tu, stopu inanihusu?

Inakuhusu kuliko mwenye kuwa na dola 20,000, juu yeye akipoteza nusu bado ana kitu cha kuanzia. Chukua kalamu: ukipoteza 10%, unahitaji kupata kama 11% ili urudi fasi ulikuwa. Ukipoteza 20%, unahitaji 25%. Ukipoteza 50%, unahitaji 100%, yaani ile hisa ipande mara mbili, na hisa zinazopanda mara mbili hazikuje kila mwezi.

3. Si naweza kuangalia bei mwenyewe nikauza kwa mukono?

Unaweza kama unakaa mbele ya ekra saa sita na nusu kila siku ya kazi. Lakini New York inafunguliwa mangaribi yetu (swali la 12), wakati wewe uko mu taxi-bus ya kwenda Katuba na simu iko ndani ya mufuko juu ya wezi.

Na ata ukiwa mbele ya ekra, shida ingine iko kichwani. Mu 1985 wasomi wa uchumi Hersh Shefrin na Meir Statman waliandika juu ya tabia ya watu kuuza haraka hisa zenye kupanda na kukumbatia zile zenye kushuka. Mimi naona ile tabia kila wiki: mutu anasema "ikifika 37 nauza", ikifika 37 anasema "nangojea irudi 38", ikifika 33 hafungui tena aplikasyo. Stopu unaiweka wakati kichwa kiko baridi, kabla franga haijaanza kuumia.

4. Kuweka stopu kunalipisha?

Kwa broka wengi hapana. Unalipa komisyo siku oda inatekelezwa, sawa na oda ingine yoyote. Ile moja yenye kulipisha iko mu swali la 7.

## Aina za oda, na fasi watu wanachanganya

5. Niliweka oda ya kuuza ku 37 wakati bei iko 40, ikauzwa palepale! Broka ameniiba?

Hapana. Ulichagua limiti, haukuchagua stopu. Oda ya kuuza ya limiti ku 37 maana yake ni "uniuzie ku 37 ao bei nzuri kuliko hiyo", na 40 ni nzuri kuliko 37, kwa hiyo imeuzwa mara moja ku 40. Ukiuza, limiti inakaa juu ya bei ya leo, stopu inakaa chini ya bei ya leo. Fungua ile ekra ya oda polepole: unagusa kuuza, kisha kuna fasi ya aina ya oda, na mu aplikasyo nyingi ile fasi inafunguka tayari imeandikwa soko ao limiti. Badilisha hiyo kwanza, njo uandike bei, kisha hesabu ya hisa, kisha muda (swali la 14). Kabla ya kukubali soma tena ile mustari wa mwisho wenye kurudilia oda yako yote, ni sekunde tano.

Kwa mwenye kuuza hisa za kuazima akingojea bei ishuke, kila kitu kinageuka: stopu yake ni ya kununua na inakaa juu ya bei. Kama ndio unaanza, hiyo kazi iache kwanza.

6. Stopu ya kawaida na stopu-limiti, nichukue gani?

Stopu ya kawaida inakuahidi kwamba utatoka, haikuahidi bei. Stopu-limiti inakuahidi bei, haikuahidi kwamba utatoka. Mufano: stopu ku 37, limiti ku 36.50. Bei ikigusa 37, oda inaamka lakini inakataa kuuza chini ya 36.50. Kama bei inaruka toka 37.20 mpaka 34, oda yako inabakia pale juu inangojea 36.50 na wewe unabakia na hisa zako zinaendelea kuzama.

Kwa mutu mwenye kuwa na hisa kidogo mu kampuni kubwa yenye wanunuzi wengi, mimi nasema stopu ya kawaida. Kazi yake ni kukutoa. Stopu-limiti iko na maana ku hisa yenye wanunuzi kidogo, fasi oda moja ya soko inaweza kuangusha bei yenyewe, ao kama unaogopa ile mambo ya mu swali la 16.

Na stopu inayofuata bei? Hiyo unaipa umbali, tuseme dola 3. Umenunua ku 40, stopu iko 37. Bei ikipanda 46, stopu inapanda yenyewe mpaka 43. Bei ikirudi 44, stopu inabakia paka 43, haishuke hata siku moja. Ni nzuri kwa hisa imeshapanda na hautaki kurudisha faida yote, lakini ukiipa umbali mudogo itakutoa ku kila kikohozi cha soko. Kama unatumia MetaTrader (programu ya kuweka oda), soma swali la 13 mbele ya kuigusa.

7. Kuna stopu ya garanti?

Iko kwa mabroka fulani wa CFD (mukataba wenye kufuata bei ya hisa, bila wewe kuwa na hisa yenyewe): wanakuahidi bei kamili ata soko ikiruka, na wanakulipisha juu ya hiyo. Ku hisa za kweli za New York haiko.

## Niweke wapi?

8. Niweke asilimia ngapi chini?

Hili njo swali lenye kuulizwa kuliko yote, na limekaa vibaya toka mwanzo. Watu wanataka namba: 5%, 10%. Kuna Wamarekani wanaofuata sheria ya William O'Neil, mwandishi wa vitabu vya hisa, ya kukata hasara ku 7 ao 8%, lakini ile sheria aliipanga na ginsi yake ya kuchagua wakati wa kununua, ukiichukua peke yake bila ile ingine umechukua nusu ya dawa.

Jiulize hivi: bei gani ikifika itanionyesha kwamba sababu yangu ya kununua imekufa? Tuseme umenunua ku 40 juu umeona mu miezi miwili bei ilishuka mara mbili mpaka 36.80 na mara zote mbili wanunuzi wakaipandisha. Sababu yako ni wale wanunuzi wa 36.80. Basi bei ikipita chini ya pale, wale watu hawako tena, na wewe hauna sababu ya kubakia. Stopu inakaa chini kidogo ya pale, tuseme 36.60. Si ku 36.80 wala juu yake, kwa sababu pale bei inaweza kugusa na kurudi sawa vile imeshafanya.

Kisha angalia ile hisa inatembea kiasi gani kwa siku ya kawaida. Welles Wilder mu 1978 alitoa kipimo chenye kuitwa ATR, kiko mu karibu kila aplikasyo ya chati, kinakuonyesha mwendo wa wastani, mara nyingi wa siku 14. Kama ATR ni dola 1.50 na wewe umeweka stopu senti 80 chini, itakamatwa siku ya kesho bila habari yoyote mbaya, ni kupumua kwa soko tu. Wengi wanaacha umbali wa ATR mbili, hapa dola 3, yaani 37. Ile 36.60 yetu iko mbali kidogo kuliko hiyo, basi inafaa.

9. Na hisa ngapi? Stopu ya mbali si itanipotezesha franga mingi?

Hapa njo moyo wa mambo yote, naomba usome mara mbili. Stopu inachagua hesabu ya hisa, hesabu ya hisa haichagui stopu.

Uko na dola 600 na umeamua kwamba biashara moja isikupotezeshe zaidi ya 2%, ni dola 12. Umbali toka 40 mpaka 36.60 ni dola 3.40. Gawanya 12 kwa 3.40, unapata 3.5, unanunua hisa 3. Unatoa dola 120, na stopu ikikamatwa fasi yake unapoteza 10.20 na komisyo.

Sasa angalia ginsi wengi wanafanya: anachukua dola 400 ananunua hisa 10 juu anapenda kampuni, kisha anaona hataki kupoteza zaidi ya 12, anaweka stopu ku 38.80. Iko ndani ya mwendo wa siku moja! Inakamatwa kesho, ananunua tena, inakamatwa tena, kisha anasema stopu ni wizi. Oda haina kosa pale, hisa 10 zilikuwa nyingi kwa ile kapitali.

10. Broka anaona stopu yangu, anaiwinda?

Ku hisa ya kampuni kubwa ya New York, hisa zako tatu hakuna mwenye kuziona. Lakini watu wengi wanaweka stopu ku namba nzima, 40, 35, 30, na bei ikifika pale oda zote zinaamka pamoja na zinasukumana chini. Weka yako fasi isiyopendwa, 34.70 badala ya 35.

Ku CFD ni habari ingine, juu mara nyingi broka mwenyewe njo anasimama upande wa pili wa biashara yako, na bei yenye kuamsha stopu ni bei yake. Ukiwa umenunua, stopu yako inaangalia bei ya kuuzia, ile ya chini. Spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza) ikipanuka usiku ao wakati wa habari kubwa, stopu inaweza kukamatwa na ku chati hauone bei ikifika pale. Kabla ya kulalamika angalia ile spredi kwanza, kisha angalia kama broka wako ana ruhusa ya nchi yenye kumuchunguza kweli.

11. Ninaweza kusogeza stopu?

Juu, ndiyo, wakati wowote. Chini, hapana. Ukiisogeza chini ile hesabu yote ya swali la 9 imekufa na haujui tena unaweza kupoteza ngapi.

## Masaa, umeme na simu

12. Stopu inafanya kazi saa ngapi kwa saa yetu ya Lubumbashi?

New York na Toronto zinafunguliwa 9:30 mpaka 16:00 ya kwao. Sisi hatubadilishe saa, wao wanabadilisha: toka Machi mpaka mwanzo wa Novemba ni 15:30 mpaka 22:00 ya huku, miezi ingine ni 16:30 mpaka 23:00. Johannesburg saa yao ni sawa na yetu, wanafungua 9:00 wanafunga 17:00.

Inje ya ile masaa kuna biashara ya mapema na ya usiku, lakini stopu ya kawaida kwa broka wengi inalala ule wakati. Na kampuni nyingi za Marekani zinatangaza matokeo yake kisha soko kufungwa, yaani wakati wewe unaingia kitandani.

13. Umeme ukikatika ao mega zikiisha, stopu inabakia?

Kama broka ameipokea, inabakia ku mashini zake, simu yako ata izimike wiki nzima. Hiyo njo sababu kubwa ya kuwa nayo huku kwetu.

Lakini kuna mitego miwili. Alerti ya bei si stopu, inakupigia kengele tu na simu yenye kuzimika haisikie kengele. Na mu MetaTrader 4 na 5, ile stopu inayofuata bei inatembezwa na programu yenye kufunguliwa ku ordinateri yako, haitembezwi na mashini ya broka. Ordinateri ikizimika, stopu inabakia fasi ya mwisho iliyofika na haipande tena. Umelala ukijua iko inafuata, kumbe imesimama toka saa mbili ya usiku. Mwenye kutumia ile programu huku Lubumbashi, na umeme vile tunaujua, aweke stopu ya kawaida na aisogeze kwa mukono kila usiku.

14. Niliweka stopu jana, leo haiko. Ilienda wapi?

Uliiacha ku oda ya siku moja, inakufa soko ikifungwa. Chagua GTC, yenye kubakia mpaka uifute. Ata ile GTC iko na mwisho kwa mabroka wengi, wengine siku 60, wengine 90, wengine 180, andika tarehe fasi. Na jua kwamba toka Februari 2016 soko ya NYSE, ile kubwa ya New York, yenyewe haipokei tena oda za stopu wala GTC, ni broka njo anazishikilia. Kwa hiyo sheria za broka wako njo sheria zako, soma ile ukurasa yake ya oda.

## Siku mbaya

15. Stopu yangu ilikuwa 37, nikauzwa 29. Inawezekana namna gani?

Bei haikupita ku 37. Iliruka. Unakumbuka Agosti 2024 Zambia ilipofunga mupaka wa Kasumbalesa: bei ya bidhaa haingojei ipande franga moja moja, mutu analala na bei moja na anaamka na ingine. Soko ya hisa inafungwa kila usiku, na habari haifungwi.

Mufano wa kweli: tarehe 2 Februari 2022 hisa ya Meta ilifunga ku dola 323. Ule usiku wakatangaza matokeo. Kesho yake ilifunguliwa chini ya 250 na ikaanguka 26% ile siku moja. Mwenye stopu ku 310 hakuuza ku 310, aliuza ku ile bei ya kufungua. Na karibu na sisi: Mei 2025 kampuni ya Ivanhoe ilisimamisha kazi chini ya ardhi ku mugodi wa shaba wa Kakula juu ya mitikisiko, na hisa zake ku Toronto zikaanguka sana.

Dawa ya gepu, yaani ile kuruka kwa bei, haiko mu stopu. Iko mu hesabu ya hisa (swali la 9), na mu kujua tarehe ya matokeo ya kampuni yako, ambayo inatangazwa mbele. Kama hautaki ile hatari, punguza hisa siku moja mbele.

16. Nimesikia stopu zilishaangamiza watu siku moja New York. Ni kweli?

Ni kweli. Tarehe 6 Mei 2010 Dow Jones, kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilifika karibu pointi 1,000 chini, sehemu kubwa yake mu dakika kidogo tu, na ikarudi sehemu kubwa. Wanunuzi walikimbia, oda za soko, na stopu zenye kuamka ndani yake, zikauzwa ku bei yoyote. Hisa za Accenture, zenye kuwa fasi ya dola 40, zingine ziliuzwa ku senti moja. Biashara zaidi ya 20,000 zilifutwa kisha, zile zenye kuwa mbali 60% ao zaidi na bei ya mbele. Fikiria yule aliyeuzwa 40% chini: yake haikufutwa. Mu Agosti 2015, tarehe 24, ETF nyingi (mifuko ya hisa nyingi yenye kuuzwa sokoni sawa hisa moja) zilifanya vile asubui, na ile NYSE ya swali la 14 iliacha stopu miezi kisha pale.

Leo kuna vizuizi, hisa ikikimbia sana biashara yake inasimamishwa kidogo. Inasaidia. Lakini wakati biashara imesimamishwa stopu yako pia imesimama.

17. Naweza kudaiwa na broka ata kama nina stopu?

Ukinunua hisa kwa franga yako mwenyewe, hapana. Ukitumia mukopo wa broka ao CFD, ndiyo inawezekana. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kushikilia bei ya faranga yake, stopu zikatekelezwa mbali kabisa na fasi yake, wateja wa broka FXCM wakabakia na deni ya dola milioni 225, na broka mwingine, Alpari UK, ikafunga. Toka 2018 sheria ya Ulaya inakataza muteja mudogo wa CFD kupoteza zaidi ya kile aliweka, na ku hisa inamuruhusu kushika biashara ya mara tano tu ya franga yake. Broka mwenye kukupa mara 100 hayuko chini ya ile sheria, jua hivyo.

## Kesi za pembeni

18. Stopu yangu ilikuwa 37, nakuta 36.50. Nani aliigusa?

Gawio. Siku hisa inaanza kuuzwa bila gawio, mabroka wa Marekani wanashusha stopu za kuuza kwa kiasi cha lile gawio, hapa senti 50, juu bei yenyewe inashuka vile. Ukitaka isiguswe, kuna fasi ya kuchagua isipunguzwe. Kampuni ikigawanya hisa, sawa Nvidia mu Juni 2024 kumi kwa moja, bei ikitoka fasi ya 1,200 ikawa 120, broka anabadilisha stopu ao anaifuta. Ile siku uende kuangalia mwenyewe.

19. Nina kipande cha hisa, 0.3. Stopu inakubali?

Kwa mabroka wengi hapana. Uliza mbele ya kununua.

20. Ninafanya kazi mu mine, ninajua mambo ya kule kabla ya wote. Stopu ya nini?

Kama kampuni yako iko sokoni na unanunua ao unauza juu ya habari yenye haijatangazwa, ku Canada, ku Uingereza na kwengine hiyo ni kosa ya kwenda gereza, na kuwa mbali haikufichi. Na kama ni habari ya kawaida tu ya watu wa Kolwezi, kumbuka Februari 2025 serikali ilisimamisha kutoa kobalti inje: wenye kujua migodi vizuri kabisa waliisikia siku moja na wengine.

21. Kikundi cha WhatsApp kinasema roboti yao iko na stopu ya akili, haipoteze kamwe, 10% kwa wiki. Yaya, niingie?

Usiingie. Stopu ni mashini ya kupoteza kidogo, kwa hiyo mwenye stopu ya kweli anapoteza mara nyingi, vidogovidogo, na anakuonyesha. Asiyepoteza kamwe hanunui hisa yoyote. Uliza wazazi habari ya Bindo ya 1991, wale walioahidi faida kubwa na franga ya watu ikapotea.

22. Ninanunua ETF kila mwezi kwa masomo ya watoto, miaka 15. Niweke stopu?

Hapana. Ile mupango inafaa juu unanunua pia wakati bei iko chini, na stopu itakutoa palepale. Machi 2020 soko ya New York ilisimamishwa mara nne mu mwezi mumoja, mwenye stopu alitoka kule chini, na soko ilirudi fasi yake mu Agosti ya ule mwaka. Hapa ulinzi ni kutoweka franga utakayohitaji mwaka huu, ile ya minerval na ya nyumba ibakie pembeni.